Kikapu cha Taita Hakiuawi na Vijana

Kila panapozungumzwa hali ya kazi za mikono katika Kaunti ya Taita Taveta, iwe ni katika hotuba za siku za utamaduni, katika semina za maendeleo au katika mazungumzo ya wazee sokoni Wundanyi, kauli moja hurudiwa mara nyingi hadi imechukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Kauli hiyo hushikilia kwamba ususi wa vikapu vya mkonge unafifia kwa sababu vijana wameziacha mila zao, kwamba shule, simu na miji vimewafanya waionee haya kazi ya bibi zao, na kwamba dawa ya hali hiyo ni kuwahimiza warudi kwenye asili yao. Ni kauli inayopendwa kwa sababu nyepesi kuielewa: humtwika lawama mtu ambaye kwa kawaida hayupo kujitetea, na haimgharimu msemaji chochote. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo inakosea kuhusu historia ya ususi wenyewe, inakosea zaidi kuhusu uchumi wake, na inaleta madhara kwa kuwa inawaondolea wanaonufaika na kazi ya msusi wajibu wa kumlipa ipasavyo. Ufundi hurithiwa pale unapoweza kumlisha anayeufanya, na pale usipomlisha, hakuna mahubiri ya utamaduni yanayoweza kuziba pengo hilo.

Ili ubishi huu ueleweke, yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Kikapu cha Taita husukwa kwa katani, yaani nyuzi zinazotolewa katika jani la mkonge: jani hukatwa na kuparwa hadi nyama yake yote itoke, nyuzi zinazobaki huoshwa na kuanikwa juani, nyingine hutiwa rangi, kisha zote husokotwa kwa kiganja juu ya paja hadi ziwe uzi mwembamba wenye nguvu. Msusi huanzia kwenye kitako, akipanga mtande, ambao ni nyuzi zinazotoka katikati na kupanda hadi ukingoni, na kuuzungushia mshindio, ambao ni nyuzi zinazopita kwa kupishana na kuukaza mtande mahali pake, huku rangi zikibadilishwa kwa hesabu ili ruwaza itokee bila kuchorwa mahali popote. Kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo kikapu kinavyoshikana na kusifiwa, na ndivyo pia kinavyokula muda, kiasi kwamba kikapu cha ukubwa wa kati huweza kumchukua msusi wiki mbili au tatu, kwa kuwa husukwa katika vipindi vinavyobaki baada ya shamba, maji, kuni na mapishi. Muda huo ndio kiini cha suala zima, na ndio ambao kauli ya kuwalaumu vijana huuruka bila kuugusa.

Kosa la kwanza la kauli hiyo ni la kihistoria, kwani inaichukulia mila kama kitu kilichokamilika zamani na ambacho kila kizazi kilikipokea bila kukigusa. Mkonge unaoitwa leo malighafi ya asili ni mmea wa Mexico, ulioingizwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf katika koloni la Kijerumani lililokuja kuwa Tanganyika, na kufika upande wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo mashamba makubwa ya walowezi yalianzishwa Voi, Mwatate na Taveta. Kabla ya hapo, jamii za eneo hili na majirani zao Wakamba walitumia nyuzi za gome la mbuyu na za mimea mingine ya porini. Rangi zilizochemshwa kutoka magome na mizizi zimeongezewa, na mahali pengi zimechukuliwa nafasi, na rangi za dukani. Nacho kikapu kilichobeba nafaka na mavuno kimepata mishipi ya ngozi na kuwa mkoba wa mjini au pambo la nyumba za ng'ambo. Mabadiliko yote hayo yalifanywa na wasusi wenyewe, wakipima kilichopatikana karibu nao na kilichonunuliwa na wateja wao. Anayemtaka kijana arudi kwenye asili anamwelekeza kwenye jambo ambalo kwa bibi wa bibi yake lingekuwa geni, na kwa kufanya hivyo anasahau kwamba uwezo wa kubadilika ndio uliokiwezesha kikapu kufika hapa kilipo.

Majirani wa Wataita wanatoa mfano ulio wazi zaidi. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba, unaodhaniwa na wageni wengi kuwa urithi wa kale, una umri wa takribani karne moja tu, na chanzo chake huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi na ufundi huo nyumbani. Katika miongo michache ufundi huo ulienea vijijini na kuvutia maelfu ya vijana, hata ukazaa ushirika mkubwa wa wachongaji huko Changamwe, Mombasa, na hakuna anayeweza kudai kwamba vijana hao waliitwa na mizimu ya mababu, kwa kuwa mababu hao hawakuchonga vinyago vya aina hiyo. Waliitwa na soko la watalii lililolipa. Soko lilipoyumba, na miti kama mpingo na muhugu ilipoanza kuadimika, idadi yao nayo ilipungua, ingawa hakuna aliyeacha kuwa Mkamba. Mapenzi ya mila hayatoshi kueleza kupanda kwa ufundi huo wala kushuka kwake, ilhali malipo na malighafi yanaeleza yote mawili.

Wapo wanaojibu kwamba zamani vijana walikaa nyumbani na sasa wanahama, na kwamba kuhama huko ndiko kulikokata uzi wa urithi. Jibu hili halilingani na historia ya Taita. Watu wa milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau wamekuwa wakitoka kwenda kufanya kazi Mombasa, katika reli na katika mashamba ya mkonge tangu enzi za ukoloni, wakisukumwa na kodi na kubanwa kwa ardhi. Malalamiko kuhusu ardhi ndiyo yaliyozaa Taita Hills Association, chama ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1940 pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Leo sehemu kubwa ya kaunti hiyo yenye kilomita za mraba 17,084, takribani asilimia 62, imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na sehemu nyingine imeshikwa na ranchi na mashamba makubwa, hivi kwamba wakazi 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wanagawana kipande kidogo cha ardhi inayofaa kwa kilimo cha mvua. Kuhama si ugonjwa wa kizazi hiki, na ususi uliishi katika muda wote huo kwa sababu wanawake waliobaki waliuhitaji: mkonge hustahimili ukame unaoua mahindi, na kikapu kilichokamilika kiliweza kubadilishwa kuwa chakula au karo mwaka ambao shamba halikutoa kitu.

Dai jingine linalosikika mara kwa mara ni kwamba vijana wa sasa hawataki kazi ya mikono wala subira inayoendana nayo. Anayetoa dai hili angefaa kutazama machimbo ya vito katika nyanda za chini za kaunti hiyohiyo, kuanzia Kasigau hadi Kamtonga, ambako vijana huchimba mwamba kwa nyundo na sururu wakitafuta tsavoraiti, kito cha kijani kilichopata jina lake kutokana na Tsavo baada ya kutambuliwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi hiyo ni ngumu na ya hatari kuliko ususi, na mchimbaji huweza kukaa wiki nyingi bila kupata chochote. Kijana anayekubali kushuka shimoni kwa matumaini matupu hawezi kuitwa mvivu wala asiye na subira. Tofauti kati ya shimo na kikapu ni kwamba shimo, hata kwa nadra, huweza kubadilisha maisha ya mtu, lakini kikapu, kwa bei inayolipwa vijijini, humwacha pale kilipomkuta.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusema. Chukua mfano wa kubuni, uliowekwa hapa kwa ajili ya kuonyesha namna hesabu inavyokwenda: kikapu kilichokula saa 50 za kupara, kusokota, kutia rangi na kusuka, kikauzwa na msusi kwa shilingi 1,000, na nyuzi pamoja na rangi zikachukua shilingi 200, kitakuwa kimeilipa kila saa ya fundi shilingi 16. Binti aliyemaliza kidato cha nne hahitaji kuidharau mila yake ili akatae kazi ya namna hiyo. Anahitaji tu kujua kugawanya. Mama yake aliikubali kwa kuwa saa zake nyingine hazikuwa na mnunuzi yeyote, lakini binti anayeweza kuuza mboga zinazoshuka kwenda Mombasa, kufungua duka la huduma za simu au kuajiriwa Voi anazo saa zenye bei, na kila saa anayoipeleka kwenye kikapu ni hasara anayoijua. Kumwambia kwamba anasaliti utamaduni ni kumtaka abebe peke yake gharama ya kitu ambacho jamii nzima inadai kukithamini.

Swali linalofuata ni kwa nini bei hiyo ni duni, na jibu lake linairudia kauli inayopingwa hapa. Mwashi anayejenga nyumba Wundanyi hulipwa kwa siku, seremala hukadiriwa kwa kazi na muda wake, na hakuna anayewaambia kwamba wanaendeleza mila na hivyo wapokee kidogo. Msusi hulipwa kwa kipande, na kipande hicho hukadiriwa kwa ukubwa wake, pasipo kuuliza saa zilizomo ndani yake, kwa kuwa kazi yake imehesabiwa kuwa shughuli ya mwanamke akiwa amepumzika. Kadiri ususi unavyoitwa utamaduni ndivyo unavyoacha kuitwa kazi, na kisichoitwa kazi hakidai ujira. Wakala anayekusanya vikapu vijijini, mwenye duka la vinyago mjini na mwagizaji wa ng'ambo wote hupanga bei zao kwa kuhesabu usafiri, kodi, pango na faida, na katika mlolongo huo wote muda wa msusi peke yake ndio usioandikwa katika daftari lolote. Sifa zinazomiminwa juu ya urithi wa akina mama zinakuwa badala ya malipo, na hata mnunuzi mwenye nia njema huondoka akiamini kwamba amewasaidia, ilhali wao ndio waliomsaidia yeye kwa kumuuzia muda wao chini ya thamani yake.

Malighafi nayo huongeza ugumu ambao lawama dhidi ya vijana haiuoni. Mkonge hustawi zaidi katika tambarare yenye joto kuliko katika vilima vya baridi vinavyoizunguka Wundanyi, kwa hiyo msusi wa milimani aghalabu hutegemea nyuzi zinazopanda kutoka chini, na mkonge mwingi wa tambarare hiyo umo katika mashamba makubwa yanayolenga soko la nje. Kwa msusi asiye na ua wa mkonge kando ya shamba lake, nyuzi ni bidhaa ya kununuliwa kabla hajapata senti ya kikapu, na kwa mtu asiye na akiba hilo peke yake humfanya asuke vikapu vichache, vidogo na vya uzi mnene, vinavyouzwa haraka na kwa bei ya chini. Kushuka kwa ubora kunakolaumiwa kuwa ni ishara ya kupotea kwa maarifa kunaweza kuwa ishara ya kukosa mtaji.

Kuhusu kurithisha kwenyewe, ni kweli kwamba wasichana wa leo hawajifunzi kama walivyojifunza bibi zao, lakini sababu yake si siri. Zamani msichana alijifunza kusokota kwa kukaa karibu na wanaosokota, siku baada ya siku, tangu akiwa mdogo, na mafunzo hayo hayakuhitaji mwalimu kwa sababu yalikuwa na muda. Shule ilipouchukua muda huo, jambo ambalo hakuna mzazi wa Taita anayetaka kulirudisha nyuma, ilipaswa kuchukua pia sehemu ya mafunzo yenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulilipa somo la sanaa na ufundi nafasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na katika nchi ambayo mtihani ndio uliotawala ratiba, lisilotahiniwa lilikoma kufundishwa kwa dhati. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 umezirudisha sanaa za ubunifu darasani, ila mzigo wa vifaa umeishia mara nyingi kwa wazazi, na fundi hodari anayeishi jirani na shule kwa kawaida haitwi kufundisha kwa kuwa hana cheti cha ualimu. Waliokata uzi huo ni watu wazima waliopanga ratiba, na haifai waliopangiwa ndio waulizwe kwa nini umekatika.

Upo upinzani mmoja unaostahili kujibiwa kwa uzito, nao unasema kwamba kuupima ufundi kwa fedha ni kuutia sokoni, na kwamba kitu kilichobeba kumbukumbu ya jamii hakipaswi kugeuzwa bidhaa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa sababu vipo vikapu vinavyosukwa kwa ajili ya mama, binti au mkwe, navyo havina bei wala havihitaji kuwa nayo. Hata hivyo, ustadi unaowezesha kikapu hicho kimoja cha mapenzi kusukwa vizuri hujengwa na vikapu mamia vilivyosukwa kwa ajili ya kuuzwa, kwani mkono haupati wepesi kwa kazi ya mara moja kwa mwaka. Aidha, kikapu cha Taita kimekuwa sokoni kwa miongo mingi tayari, na lililobaki kuamuliwa ni nani apate faida ya soko hilo. Upinzani wa pili, kwamba bei ikipanda wanunuzi watakimbilia mifuko ya kiwandani, unaweza kuungwa mkono na yaliyotokea baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ambapo nafasi iliyoachwa ilijazwa kwa kiasi kikubwa na mifuko mingine ya bei rahisi. Lakini tukio hilo linathibitisha kwamba kikapu cha mkono hakiwezi kushindana na kiwanda kwa urahisi wa bei, na hivyo kwamba kukiuza kwa bei ya kutupwa ni kukipeleka katika shindano ambalo hakikuumbwa kulishinda.

Wengine huweka tumaini lao katika sheria za miliki bunifu, yaani haki zinazolinda kazi za akili na ubunifu, na tumaini hilo lina msingi. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni. Kisa cha kikoi, ambapo kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kulisajili jina la vazi hilo kuwa alama yake ya biashara na kuliacha ombi baada ya kupingwa, kilionyesha kwamba hatari ya kuporwa jina haikuwa ya kufikirika. Kikapu cha Taita nacho kimewahi kushughulikiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani kwa ushirikiano na taasisi ya Kenya ya miliki ya viwanda, kwa lengo la kukipatia alama ya pamoja, ambayo ni nembo inayomilikiwa na chama na kutumiwa na wanachama wanaotimiza viwango vilivyokubaliwa. Ila nembo hulinda jina, haipangi ujira. Ikimilikiwa na wasusi wenyewe, wakikubaliana wembamba wa uzi na bei ya chini kabisa ya kila daraja la kikapu, itakuwa chombo cha kudai malipo. Ikiachiwa wafanyabiashara na maafisa, itakuwa karatasi nyingine ya kupamba vikapu vilivyonunuliwa rahisi.

Kwa hiyo wanaotaka kweli kuona ususi ukivuka kwenda kizazi kijacho wanayo mambo ya kufanya yaliyo mbali na kulaumu, na uwezo wa kuyafanya uko karibu na nyumbani. Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, masoko, vyama vya ushirika, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani, maana yake ni kwamba serikali ya Kaunti ya Taita Taveta haihitaji kusubiri ruhusa ya Nairobi ili kumwajiri msusi mzee kama mkufunzi na kumlipa mshahara wa mkufunzi, kuanzisha ushirika unaonunua nyuzi kwa wingi na kuwakopesha wanachama, au kuagiza vikapu kwa ajili ya ofisi na zawadi zake kwa bei iliyokokotolewa kutokana na saa za kazi. Waandaaji wa siku za utamaduni wanaweza kuanza kwa kuandika kando ya kila kikapu kinachoonyeshwa idadi ya saa kilizochukua na kiasi alicholipwa aliyekisuka. Mnunuzi anaweza kuuliza maswali hayohayo mawili dukani kabla ya kutoa fedha zake. Na yule atakayesimama tena Wundanyi kuwasuta vijana kwa kuuacha ususi atakuwa na haki ya kusikilizwa baada tu ya kueleza yeye mwenyewe alilipa kiasi gani kwa kikapu chake cha mwisho.